Tuliwapa sare, tukasahau karatasi

Sare ya shule ikivaliwa na mtoto anayechota maji alfajiri na kukimbizana na ndama jioni, haimalizi mwaka kabla ya kutoboka makalioni. Nasema ninalolijua. Kuanzia mwaka wa 2004 nilikuwa mmoja wa vijana wa kujitolea tuliozunguka na mabunda ya sare vijijini magharibi mwa Kisumu, kuelekea Holo na Kombewa, tukiwagawia watoto waliofiwa na wazazi kwa UKIMWI. Kaptura ya kijivu, shati jeupe, sweta ya buluu. Watoto walipangwa mstari chini ya mwembe, wakapigwa picha, picha zikaenda kwa mfadhili. Fomu tuliyojaza ilikuwa na safu ya jina, ya shule, ya darasa na ya saizi. Safu ya cheti cha kuzaliwa haikuwepo. Ya vyeti vya kifo vya wazazi ndiyo kabisa, hata haikutupitia akilini.

Mmoja wa watoto wa picha zile alinipigia simu hivi majuzi. Leo ana miaka 31, anachomelea vyuma Kondele, mtaa wa mjini Kisumu, ana mke na mtoto mmoja. Baada ya salamu akaniuliza, "Mwalimu, unakumbuka babangu alizikwa mwaka gani?"

Mimi si mwalimu. Watoto wale walimwita mwalimu kila mtu aliyekuja na kalamu mfukoni. Lakini swali lake lilikuwa la korti. Anataka kujenga kwao, Seme, kwenye shamba ambalo hati miliki yake ina jina la babu yake mzaa baba. Babu amekufa. Baba amekufa. Aliyebaki ni baba mdogo, anayelima sehemu, na nyingine amemkodishia mtu aliyepanda mikaratusi. Karani wa mahakama alimweleza kijana vizuri tu: kwa kuwa unadai kupitia kwa babako, lete cheti cha kifo cha babu, cheti cha kifo cha baba, na barua ya chifu inayotaja warithi wote. Cha babu kipo, kwa sababu mzee alifia hospitalini juzijuzi na baba mdogo alikihitaji. Cha baba hakijawahi kuwepo.

Tangu simu ile nimekuwa nikiitazama upya kazi tuliyoifanya, na hitimisho langu halinifurahishi. Kwa zaidi ya miaka 20 tumezungumza juu ya yatima wa UKIMWI kana kwamba kilichompotea ni chakula, karo na mapenzi. Vyote hivyo vilimpotea, sikatai. Lakini nyanya yake alimpa mapenzi, na chakula kilipatikana kwa njia zake. Kile ambacho hakuna jirani, nyanya wala mchungaji angeweza kumpa ni uthibitisho wa serikali kwamba yeye ni mtoto wa fulani, na kwamba fulani huyo alikufa tarehe fulani. Mlango wa basari, yaani msaada wa karo, wa ruzuku, wa kitambulisho na wa shamba unafunguliwa na uthibitisho huo. Sisi tulifika na kaptura.

Inafaa kukumbuka jinsi karatasi hizo zilivyopotea, maana hazikupotea kwa uzembe wa mtu mmoja. Kisa cha kwanza cha UKIMWI kilitambuliwa Kenya mwaka wa 1984. Rais Moi alitangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, miaka 15 baadaye, wakati takwimu iliyokuwa ikirudiwarudiwa kwenye hotuba ilikuwa mamia ya vifo kwa siku. Katikati ya miaka hiyo 15 kaunti tunazoziita leo Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori zilikuwa zikizika kila wikendi. Kwa Kiluo ugonjwa uliitwa ayaki, yaani nakukwapua. Wengine hawakutaka hata kuutaja, wakasema ni chira, laana inayomfuata aliyevunja mwiko. Matangazo ya vifo yalisema marehemu "aliugua kwa muda mrefu", na msomaji alielewa.

Sasa fikiria karani akikuuliza, "Alikufa kwa nini?" Kusajili kifo ni kujibu swali hilo mbele ya mtu anayekujua. Aliyefia nyumbani alipaswa kuripotiwa kwa naibu chifu ajaze fomu ya D2. Naibu chifu huyo ni mtu wa ukoo wenu, mke wake anaenda kisimani na dada zako. Familia nyingi zilizika zikanyamaza.

Waliofia Nairobi au Mombasa walikuwa na tatizo jingine. Hospitali ilijaza fomu ya D1, ikatoa kibali cha mazishi, maiti ikasafirishwa usiku kucha hadi nyumbani. Kibali kile kilikunjwa kikawekwa ndani ya Biblia, na kwa miaka mingi familia ikaamini kwamba hicho ndicho cheti cha kifo. Sicho. Nimewaona watu wazima, wengine waliosoma, wakikitoa kibali kwa kujiamini mbele ya dirisha na kuambiwa hakifai. Cheti chenyewe kilitakiwa kuombwa kwenye ofisi ya msajili wa mahali kifo kilipotokea, na nani angepanda basi kurudi Nairobi kuomba karatasi ya mtu aliyekwisha kuzikwa? Mjane alikuwa mgonjwa tayari. Miaka mitatu baadaye naye alizikwa kando ya mumewe, pia bila cheti.

Nyithi kiye, watoto yatima, wakabaki kwa dani, yaani nyanya. Na dani alijua kila kitu kuhusu watoto wale isipokuwa tarehe.

Yatima asiye na cheti hukwama mara ya kwanza shuleni. Elimu ya msingi ilifanywa bure Januari 2003, na ni kweli ilifungua milango ambayo sare peke yake isingefungua. Lakini tangu wanafunzi walipoanza kusajiliwa kwenye NEMIS, mfumo wa kompyuta wa wizara ya elimu, mtoto asiye na namba ya cheti cha kuzaliwa alionekana na mwalimu wake na hakuonekana na wizara, na mgao wa fedha za shule ulifuata walioonekana. Mwalimu mkuu mwenye huruma alimweka darasani hivyohivyo. Mwenye bajeti ya kubana alimtuma nyumbani akalete cheti. Kisha huja basari. Fomu ya basari kwa yatima humtaka athibitishe kuwa ni yatima, tena kwa vyeti vya kifo vya wazazi. Yaani mtoto ambaye kijiji kizima kilihudhuria mazishi ya mama yake anaambiwa hajathibitisha kwamba mama yake amekufa, ilhali kamati inayomwambia hivyo ina watu waliokula wali kwenye matanga yale. Nimewahi kuketi kwenye kamati ya aina hiyo. Tulimpa basari mtoto wa mtu mwenye duka, faili lake lilikuwa kamili.

Gharama ya karatasi yenyewe haikuwahi kuwa kisingizio. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa shilingi 50 kwa miaka mingi, siku hizi ni 200. Gharama ni safari. Dani anapanda boda boda hadi barabarani, matatu hadi mjini, anafika na kuambiwa kwanza arudi kwa naibu chifu. Naibu chifu yuko mkutanoni. Kesho yake yupo, ila kitabu cha fomu kimeisha. Nilimsindikiza mama mmoja mzee kwenye ofisi kama hiyo, sitasema wapi, na sentensi aliyoambiwa mara nyingi kuliko zote ni "Mama, rudi Jumatano." Alirudi Jumatano tatu. Ya nne alituma salamu kwamba mguu umevimba.

Tena kulikuwa na sheria iliyokuwa ikiwafutia watoto baba. Mama asiyeolewa rasmi hakuweza kuandikisha jina la baba wa mtoto mpaka baba mwenyewe aafikiane naye mbele ya msajili, na pale kwenye nafasi ya baba palijazwa alama za X. Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu hicho mwaka wa 2016. Kwetu hili halikuwa jambo dogo. Ndoa nyingi za vijijini zilikuwa za mahari iliyolipwa nusu, au iliyoahidiwa tu. Baba akifa, mama akifa, anayelitaka shamba anachohitaji ni neno moja tu kwenye kikao cha ukoo: huyu ni kimirwa, mtoto aliyekuja na mama yake. Cheti chenye jina la baba kingelikata neno hilo. X haikati chochote.

Hapo ndipo tunafika kwenye barua ya chifu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo karatasi yenye nguvu kuliko zote katika maisha ya yatima wa kijijini, na ndiyo ambayo hakuna mtu anayeandika habari zake. Kesi ya mirathi Kenya huanza nayo. Chifu anaandika kwamba marehemu alikuwa mkazi wa eneo lake, na kwamba waliomwacha ni hawa na hawa. Mahakama haina njia nyepesi ya kujua kama kuna jina limeachwa. Sheria yenyewe si mbaya. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, inamruhusu mjukuu kusimama mahali pa mzazi wake aliyetangulia. Haibagui mtoto wa kike. Inataka wasimamizi wasiopungua wawili pale kuna mrithi ambaye bado ni mtoto, na kifungu cha 45 kinamtia hatiani anayejiingiza katika mali ya marehemu bila idhini ya mahakama. Ombi la mirathi hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30.

Nani Seme husoma Gazeti Rasmi? Mimi nimelishika mara mbili maishani, mara moja nikifungia samaki.

Kwa hiyo kinga zote hizo zinategemea kalamu ya mtu mmoja, siku moja, ofisini, na anayemletea majina ni mtu mzima wa ukoo aliyebaki hai. Mara nyingi hana nia mbaya. Anawataja ndugu zake walio hai, anawasahau waliokufa mwaka 1998 na watoto wao waliopelekwa kwa mama mkubwa Nakuru. Mara nyingine nia anayo. Karatasi haiwezi kutofautisha, na mtoto wa miaka 9 hayupo pale kusema "na mimi je?" Anakuja kusema akiwa na miaka 31, mikaratusi ikiwa mirefu kumzidi.

Dawa za kupunguza makali zilifanywa bure katika hospitali za umma mwaka wa 2006, na wazazi wakaanza kuishi. Namshukuru Mungu kwa hilo kila nikipita kliniki asubuhi na kuona foleni ya watu wanene. Lakini huku bado hatujatoka msituni: utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta asilimia 4.9 ya Wakenya wa miaka 15 hadi 64 wanaishi na virusi, na ukakuta Homa Bay asilimia 19.6 na Kisumu 17.5. Na wale waliofiwa kabla ya dawa hawakuacha kuwa yatima dawa zilipofika. Walikua. Ndio hawa wanaojipanga leo kwenye madirisha ya mahakama za Maseno na Winam.

Kuna jambo moja ambalo serikali ililifanya vizuri, na silioni likisifiwa inavyostahili. Mwishoni mwa 2004 ilianza kuzipa pesa taslimu kaya 500 zinazolea yatima Nairobi, Garissa na Kwale, shilingi 500 kwa mwezi. Mpango ukakua, ukaingia Kisumu, Homa Bay, Migori na Suba mwaka wa 2007, malipo yakafika 1,500, kisha 2,000, na leo uko ndani ya Inua Jamii, mpango wa taifa wa kuwapa pesa wasiojiweza. Wakosoaji walisema nyanya watanunua tumbaku. Watafiti waliozifuatilia kaya hizo kwa miaka walikuta kitu kingine: watoto wengi zaidi walivuka kuingia sekondari, na vijana wa nyumba zilizopokea walichelewa kuanza ngono kuliko wa nyumba ambazo hazikupokea. Lililonivutia mimi zaidi ni dogo: tathmini ya kwanza ilikuta watoto wenye vyeti vya kuzaliwa wameongezeka katika kaya zilizolipwa. Dani hakukosa kuthamini karatasi. Alikosa nauli.

Lakini mpango huohuo una ugonjwa niliokwisha kuueleza. Pesa zinafuata kitambulisho cha mlezi. Dani akifa, na madani hufa, malipo husimama mpaka mlezi mwingine aandikishwe, na kumwandikisha kunahitaji cheti cha kifo cha dani. Mtoto aliyekwama mara mbili kwa kukosa cheti anakwama ya tatu. Na zile 2,000, zilizowekwa kabla watoto wa gredi ya nane wa leo hawajazaliwa, hazijaongezwa hadi sasa. Anayeishi kijijini hahitaji mchumi kumwambia kimezipata nini.

Msomaji anaweza kuniambia kwamba nimeidharau sare. Ana haki, na nina deni la kusema ukweli wote. Kulikuwa na jaribio kubwa la utafiti hukuhuku magharibi mwa Kenya, kuanzia 2003, katika shule za msingi zaidi ya 300. Wanafunzi wa baadhi ya shule walipewa sare bure, wengine hawakupewa. Waliopewa waliacha shule kwa kiasi kidogo zaidi, na wasichana miongoni mwao walipata mimba na kuolewa mapema kwa kiasi kidogo zaidi. Kaptura ile ilikuwa na maana kuliko nilivyofikiri nilipokuwa nikiigawa. Sijutii sare. Ninachojutia ni kwamba tulisimama mbele ya mtoto, dani na mzee wa kijiji, wote mahali pamoja, tukiwa na kalamu na fomu, katika mwaka ambao kila mtu bado alikumbuka tarehe, na tukaandika saizi ya kaptura.

Nyumba za kulelea watoto sitazizungumzia sana. Serikali ilisimamisha usajili wa mpya Novemba 2017, na mkakati wa mwaka wa 2022 unazipa taasisi hizo miaka 10 kuwarudisha watoto kwenye familia. Naunga mkono. Ila anayemrudisha mtoto kijijini baada ya miaka kumi ya kitanda cha ghorofa ajue kwamba anamrudisha mahali ambapo huenda jina lake halimo kwenye barua yoyote.

Miradi iliyotufuata, haki yao niwape, iliamka kuliko sisi. Bunge la Marekani lilipoanzisha PEPFAR, mfuko wa kupambana na UKIMWI, mwaka wa 2003 lilitenga asilimia 10 kwa ajili ya yatima na watoto walio katika mazingira magumu, na katika miaka ya karibuni wahudumu waliolipwa na pesa hizo walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakiuliza, pamoja na mengine, kama mtoto ana cheti cha kuzaliwa. Januari 2025 pesa za Marekani zilifungiwa, na kufikia Julai shirika lao la misaada, USAID, lilikuwa limevunjwa. Magazeti yaliandika juu ya dawa, na ilikuwa sawa kuanza na dawa. Hakuna aliyeandika juu ya yule dada wa mradi aliyekuwa akibeba fomu za madani sita kwenye mkoba mmoja hadi mjini, kwa nauli moja.

Kazi ya dada yule haihitaji dola nyingi. Tangu 2023 kuna wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini, wenye mikoba na simu, kila mmoja na nyumba zake anazozijua kwa majina. Anajua nani amejifungua na nani amezikwa kabla ya naibu chifu kujua. Mpe na fomu ya D2. Barua ya mirathi nayo isomwe kwa sauti barazani kabla ya kupigwa muhuri, na chifu aulize jambo moja tu: kuna mtoto wa marehemu ambaye naye ni marehemu? Baraza litajibu. Nimehudhuria mabaraza ya kutosha kujua kwamba hakuna siri ya ukoo inayomaliza dakika mbili pale. Kamati za basari nazo ziache kumdai mtoto karatasi ambayo mtu mzima ndiye alipaswa kuitafuta, neno la mzee wa kijiji na mwalimu mkuu litoshe mpaka cheti kipatikane.

Narudi kwa kijana wangu wa Kondele. Kusajili kifo cha mwaka wa 1998 leo kunawezekana, lakini kunataka mtu aliyekuwepo aape. Dani alifariki 2012. Mtu mzima wa ukoo aliyekuwepo kaburini na bado yuko hai ni baba mdogo, yuleyule mwenye mikaratusi. Kijana alimwendea na sukari kilo mbili. Baba mdogo alimkaribisha, akamwambia ndugu yake alimpenda sana, akasema tarehe haikumbuki, wala mwaka.

Tuliposhindwa, mama mmoja wa kanisani alitutuma kwa seremala mzee aliyekuwa na kibanda njiani kuelekea ziwani. Miaka ile ya tisini alikuwa hatengenezi viti tena, alitengeneza majeneza tu. Hakuwa akimkumbuka baba wa kijana. Akaingia ndani, akatoka na madaftari manne ya shule, kurasa 96 kila moja, yamekula mende kwenye kingo. Ndani, kwa penseli, mstari mmoja kwa kila mtu: jina, jina la kijiji, urefu kwa futi, mbao gani, amelipa kiasi gani, amebakisha kiasi gani, tarehe ya kuchukua.

Tulisoma mbele ya kibanda kwa karibu saa nzima. Kijana aliwatambua wazazi wa watoto aliosoma nao, mmoja baada ya mwingine, akawa anataja majina kwa sauti ya chini. Baba yake alikuwa daftari la pili. Futi 5 na inchi 10, mbao za mkaratusi, tarehe 14 Agosti 1998. Pembeni imeandikwa deni la shilingi 400.

Alilipa deni hilo palepale kwa M-Pesa. Seremala alitafuta penseli, akalipiga mstari, kisha akakubali kuja naye kwa naibu chifu Jumatano.